Kumbukumbu Yetu Imefuata Orodha ya Mnyongaji

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limeuliza: "Je, Tanzania imewaenzi vya kutosha wazee wetu waliopinga utawala wa Wajerumani, au inapasa tujenge minara mipya?" Nadhani wasomaji wengi watajibu kwamba minara haitoshi, na kila mmoja atautaja mkoa wake. Jibu langu linaelekea kwingine. Minara tunayo, na mingine ni mizuri. Kinachonisumbua ni namna tulivyowapata watu wa kuwekwa kwenye minara hiyo.

Ukiitazama kwa makini orodha ya mashujaa wetu wa miaka ya 1888 hadi 1907, utaona kwamba karibu wote ni watu ambao Mjerumani mwenyewe aliwatia kitanzini au alitangaza zawadi kwa atakayewaleta. Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani wa pwani, alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa mwaka 1895. Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi, alinyongwa Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake, na Kinjeketile Ngwale, mganga wa Ngarambe, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, wakati vita vilivyoanzishwa kwa jina la dawa yake ya maji, iliyoaminiwa kuwakinga watu na risasi, vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza kuenea. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijipiga risasi asije akashikwa, lakini hata yeye alikuwa na bei ya rupia 5,000 juu ya kichwa chake, na kichwa chenyewe kilichukuliwa. Aliyetuchagulia nani akumbukwe, basi, ni mnyongaji. Sisi tulipopata uhuru tuliipokea orodha yake, tukaigeuza kutoka orodha ya wahalifu kuwa orodha ya mashujaa, na kazi yetu tukaiona imekwisha.

Sisemi haya ili kuwapunguzia hadhi hao waliotajwa. Nasema kwa sababu orodha ya namna hiyo ina kasoro zinazojulikana tangu mwanzo: inawajua wakuu na haiwajui wadogo, inawajua wanaume na karibu haiwajui wanawake, inamjua aliyekamatwa na kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi lakini haimjui aliyekufa njaa porini akiwa na mtoto mgongoni. Na katika vita vya Maji Maji, yaani vile vya dawa ya Kinjeketile vya 1905 hadi 1907, huyu wa mwisho ndiye aliyekuwa wengi.

Chukua Songea, mahali ambapo kumbukumbu hizi zimetunzwa vizuri kuliko pengi. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni, akiwemo Nkosi (yaani mfalme) Mputa Gama, wakawafukia katika kaburi moja la pamoja. Nduna (yaani jemadari) Songea Mbano alinyongwa baadaye kidogo na kuzikwa peke yake, na ukoo wake unaamini kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Leo pale pana Makumbusho ya Majimaji, pana sanamu za viongozi, pana makaburi yaliyojengewa, na kila mwezi wa Februari watu hukusanyika kwa ngoma, sala na hotuba. Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika mahali hapo tarehe 1 Novemba 2023, akakutana na wazao wa Nduna Songea, akasema anaona aibu, akaomba msamaha. Hilo lilikuwa jambo kubwa, wala sioni haja ya kulibeza kama walivyofanya baadhi ya watu.

Hata hivyo angalia ni nini hasa kinachokumbukwa pale. Tarehe yenyewe ni ya mnyongaji: ni siku aliyoipanga yeye, kwenye uwanja aliouchagua yeye, mbele ya watu aliowakusanya yeye ili waone na waogope. Majina yamehifadhiwa kwa sababu palikuwa na kesi, na kwa sababu mmishonari wa Kibenediktino aliwatembelea waliohukumiwa na kuwabatiza baadhi yao kabla ya kunyongwa. Hata mji wenyewe ulipewa jina la Songea na Wajerumani walipojenga boma karibu na makazi yake mwaka 1897, miaka tisa kabla ya kumtia kitanzi mwenye jina. Katika hadithi yote hiyo, mwanamke anayetajwa ni mmoja, Nkomanile wa Kitanda, kiongozi aliyempokea Omari Kinjala alipoileta dawa ya maji Ungoni, na yeye pia tumemjua kwa sababu alinyongwa. Angekufa njaa mwaka uliofuata, sidhani kama leo tungekuwa na jina lake.

Sasa linganisha na Nandete, katika milima ya Matumbi, wilaya ya Kilwa. Hapo ndipo mwishoni mwa Julai 1905 watu walipopanda kwenye shamba la pamba na kung'oa miche, ishara kwamba kazi ya lazima imekwisha na vita vimeanza. Waliong'oa wanajulikana: walikuwemo Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Majina yao hayakutoka katika jalada la mahakama. Yalitoka vinywani mwa wazee wa Matumbi waliohojiwa miaka ya 1960, wakati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipowatuma wanafunzi vijijini kukusanya habari za vita hivyo, kazi ambayo Gilbert Gwassa na John Iliffe waliifanya kwa bidii isiyokuwa na mfano. Walioishi utotoni katika vita hivyo walikuwa bado hai, ingawa si kwa muda mrefu. Mimi naamini kwamba kazi ile ya miaka miwili mitatu ni mnara mkubwa kuliko wowote uliojengwa kwa saruji katika nchi hii kwa ajili ya Maji Maji, isipokuwa ni mnara uliofungiwa kabatini. Muulize mwanafunzi wa kidato cha pili ataje mtu mmoja aliyeng'oa pamba Nandete. Atamtaja Kinjeketile, kwa sababu amekutana naye kwenye tamthilia, na Kinjeketile hakuwa Nandete, alikuwa Ngarambe.

Nimesema kwamba walio wengi walikufa njaa, na hapa inafaa nikae kidogo, maana ndipo ulipo uzito wa jibu langu. Vita vilipowawia vigumu, watawala waliona kwamba risasi peke yake hazingewamaliza watu waliotawanyika katika nchi pana, na baadhi ya maofisa wakaandika waziwazi kwamba njaa na ufukara ndivyo vitakavyowafanya wasalimu amri. Chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen vikosi vikapita kijiji kwa kijiji vikichoma nyumba, kukata mazao mashambani, kubeba au kuteketeza nafaka ghalani, kuchukua mifugo. Msimu wa kupanda ulipofika, hapakuwa na mbegu wala mikono ya kupanda. Makadirio ya serikali ya Kijerumani yalikuwa watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria waliofuatia wametaja hadi 300,000. Tofauti kati ya takwimu hizo mbili, yaani zaidi ya watu laki mbili ambao hatuna hakika kama walikufa au walihama au hawakuhesabiwa kabisa, ni ushahidi tosha wa jinsi ambavyo hakuna aliyejali kuwahesabu. Upande wao Wajerumani walihesabu vizuri: Wazungu 15, askari 73, na wapiganaji wasaidizi wa Kiafrika 316.

Watu hao wa njaa hawana jiwe. Hawakuzikwa pamoja, hawakufa siku moja, wala hawakufa kwa namna inayochongeka. Mchongaji atamwonyesha mtu mwenye mkuki bila shida. Ghala lililochomwa na mama aliyekula mizizi akamwachia mtoto majani si rahisi kuvionyesha. Sherehe zetu za tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, ni kielelezo cha jambo hilo: viongozi huweka kwenye mnara mkuki na ngao, upinde na mishale, shada la maua. Zote hizo, ukitoa maua, ni zana za mwanamume aliyekwenda vitani. Jembe halimo, wala kinu, wala kikapu cha mhogo kilichobebwa usiku kuwapelekea waliojificha msituni.

Sehemu kubwa ya nchi iliyopoteza watu katika vita vile ilibaki pori, na pori hilo, kwa hatua kadhaa za watawala wa Kijerumani na kisha wa Kiingereza, likawa hifadhi ya wanyama. Hifadhi hiyo ilipewa jina la Frederick Selous, mwindaji na kapteni Mwingereza aliyeuawa Beho Beho mwezi Januari 1917 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ambavyo havikuwa vya wenyeji wa hapo. Kaburi lake lipo hadi leo, limeandikwa, na watalii hupelekwa kulitazama. Sehemu ya hifadhi yenye kaburi hilo tangu 2019 inaitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na mabadiliko hayo ya jina nayaunga mkono kabisa, lakini jina kubwa la kiongozi wa uhuru halikurudisha hata jina moja dogo la aliyekuwa na shamba pale mwaka 1904. Mgeni akitembea katika pori lile atakutana na kaburi moja lenye jina, la Mwingereza.

Habari za Mkwawa zinathibitisha jambo hilohilo kwa njia ya ajabu kidogo. Tarehe 17 Agosti 1891, Lugalo, Wahehe walikishambulia kikosi cha Emil von Zelewski na kukiangamiza karibu chote. Zelewski mwenyewe aliuawa pamoja na Wajerumani wenzake na mamia ya askari na wapagazi Waafrika. Mnara uliopo Lugalo ni wa kumkumbuka Zelewski na wenzake. Ulijengwa na walioshindwa siku ile, kwa sababu hatimaye ndio walioshinda vita. Wajerumani waliivunja ngome ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894, na Mkwawa akapigana porini hadi 19 Julai 1898 alipojiua Mlambalasi. Baada ya hapo kichwa chake kikawa jambo la kidiplomasia: kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kiliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Ikapita miaka 35. Fuvu alilolileta Gavana Edward Twining kutoka makumbusho ya Bremen alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa pale Kalenga tarehe 19 Juni 1954, kwa sherehe na gwaride. Wasomaji watakumbuka kwamba jirani zetu wa Kenya walikuwa wakati huo katika hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni wa Waingereza, na kwamba TANU, chama chetu cha kudai uhuru, kilizaliwa tarehe 7 Julai mwaka huohuo. Gavana wa kikoloni hakuwa akitoa zawadi ya bure. Alikuwa akimrudisha mpinzani wa Wajerumani kwa mikono ya Waingereza, ili upinzani uonekane ni jambo la zamani lililomhusu mtu mwingine. Hata shujaa mkubwa kuliko wote tulikabidhiwa, tena kwa risiti.

Nakubali kwamba viongozi wetu wa kwanza walikuwa na sababu nzuri za kuyachukua majina makubwa na kuyatumia. Mwalimu Nyerere aliposimama mbele ya Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 1956, alivitaja vita vya Maji Maji kuonyesha kwamba watu wa nchi hii hawakuwahi kukubali kwamba mzungu ana haki ya kuwatawala, hata kama walishindwa kwa silaha. Hoja hiyo ilihitaji vita kimoja, taifa moja, dhamira moja. Ilikuwa hoja ya mwanasiasa anayedai uhuru, na iliifanya kazi yake. Ugumu umekuja baadaye, kwa sababu tumeendelea kuitumia hoja ile kana kwamba ndiyo historia yote.

Historia yote haina umoja huo. Wahehe wengi, watu wa Mkwawa, walikuwa upande wa Wajerumani mwaka 1905, na wapiganaji wao walikwenda na jeshi la Kijerumani kuikomboa boma ya Mahenge. Merere, mtawala wa Usangu, alishirikiana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa kwa sababu Mkwawa alikuwa amemfukuza katika nchi yake. Wangoni waliopigana kwa ushujaa mwaka 1905 walikuwa wamewatawala majirani zao kwa mkono mzito katika karne iliyotangulia, na majirani hao hawakuwa na sababu ya kuuona ufalme wa Kingoni kuwa ni uhuru. Na askari waliochoma vijiji, ukiacha maofisa wachache, walikuwa Waafrika. Ndiyo maana nadhani tunapenda sanamu: sanamu haina jirani. Ukiandika majina ya waliokufa kijiji fulani, itakubidi siku moja uandike na nani aliwaua, na huenda mjukuu wake anauza duka ng'ambo ya barabara.

Hili linanifikisha kwenye sanamu la Askari la Dar es Salaam, ambalo najua baadhi ya wasomaji wenzangu watataka liondolewe. Pale, katika Mtaa wa Samora, anasimama tangu 1927 askari wa shaba mwenye bunduki iliyochomekwa singe, akiwakumbusha wapita njia wale waliomtumikia mfalme wa Uingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yanawataja hata wapagazi. Dar es Salaam ilikuwa tangu 1909 na sanamu la Hermann von Wissmann, kamanda wa Kijerumani aliyemshinda Abushiri. Waingereza wakaling'oa, likaishia Hamburg, na huko wanafunzi wa Kijerumani wakaliangusha chini mwaka 1967 na tena 1968. Wao walikuwa na haki ya kumwangusha mtu wao. Sisi askari huyu ni wetu, kwa maana isiyopendeza lakini ya kweli, na kumwondoa kungetufanya tuamini kwamba wote walikuwa upande mmoja. Abaki. Kinachokosekana pale ni bamba la pili linaloeleza kwamba makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa bila kaburi, na kwamba mwongo mmoja kabla ya hapo bunduki kama ile ilikuwa imeelekezwa Matumbi na Ungoni.

Kuhusu ujenzi mpya, ambao ndio kiini cha swali lenu, mfano ninaoupenda uko kwa jirani. Mwaka 2015 ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, mnara wa waathiriwa wa mateso ya kikoloni, uliogharimiwa na serikali ya Uingereza baada ya mapatano ya 2013 na wazee wa Mau Mau waliokuwa wameishtaki. Hakuna jemadari katika mnara huo. Yupo mwanamke anayemkabidhi mpiganaji kikapu cha chakula, na kila mmoja ameuelekeza uso wake kando, ili akikamatwa na kuteswa asiweze kumtaja mwenzake. Mchongaji yule alielewa kwamba anayelisha ni mpinzani pia. Sisi hatuna kitu cha namna hiyo kwa Maji Maji, vita ambavyo adui alivishinda hasa kwa kuteketeza chakula.

Kwa hiyo, ndugu Mhariri, sitaki mnara mwingine mrefu katika makao makuu ya mkoa. Ningependa kuona mawe madogo, mengi, katika vijiji: Nandete, ambako tayari pana mnara, yaandikwe majina ya waliong'oa pamba na ya koo zilizokwisha; Ngarambe na Mohoro vivyo hivyo; Liwale, ambako boma ilichomwa mwezi Agosti 1905; na kila kijiji cha Ungoni ambacho wazee wake bado wanaweza kuonyesha yalikokuwa mahame. Penye jina, liandikwe jina. Pasipo na jina, uandikwe ukoo, na pasipo na ukoo, liandikwe shamba. Washairi wetu wa pwani walikwisha kufanya hivyo zamani, kwani tenzi zilizotungwa Mrima na Lindi kuhusu vita vya Wajerumani hutaja watu na mahali kwa mfululizo, beti kwa beti, bila kungoja kibali cha makumbusho yoyote. Hojaji za wanafunzi wa miaka ya 1960 zichapishwe upya kwa Kiswahili, kwa bei ambayo shule ya kata inaimudu, maana ndizo zenye majina mengi kuliko jalada lolote la serikali.

Kuhusu mabaki ya wazee wetu yaliyoko Ujerumani, yakipatikana yarudi kwa koo zao, si kwenye kabati la kioo la mji mwingine. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vya mafuvu yaliyohifadhiwa Berlin vilionyesha kwamba baadhi yake yanaweza kuunganishwa na familia zilizo hai huku Kilimanjaro, hivyo hakuna tena anayeweza kusema jambo hilo haliwezekani.

Mmeuliza pia, mwishoni mwa swali lenu, ni nani alipe. Ikiwa serikali ya Ujerumani inataka kuchangia, ichangie kugharimia wasomaji wa majalada ya iliyokuwa Ofisi ya Makoloni yaliyomo Berlin, mengi yakiwa yameandikwa kwa mwandiko wa kale ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi. Ripoti za vikosi zitafsiriwe kwa Kiswahili, ili tujue ni vijiji gani vilichomwa, siku gani, na kwa amri ya nani. Mawe ya kuandikia tutayanunua wenyewe.